Chuo kikuu kilifika Dadaab, karakana ikabaki nyuma

Wadau, leo tuache programu kidogo, tuzungumze historia. Kambi ya Ifo, kule Garissa, ilifunguliwa mwaka 1991 kupokea wakimbizi kutoka Somalia. Watoto waliokulia humo walimaliza sekondari, kisha njia ikakatika: kutoka kambini kulihitaji kibali.

Mwaka 2013 ukaanza mradi wa BHER. Vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi, pamoja na York na British Columbia vya Kanada, vikashirikiana kufundisha kwa intaneti na katika kituo kilichopo Dadaab mjini. Ualimu ndio uliopewa kipaumbele, maana shule za kambini zilikuwa na walimu wengi wasio na mafunzo. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi.

Je, uhandisi wa mitambo? Hapo ndipo penye kazi. Mhadhara hupita kwenye intaneti. Mashine ya kukereza vyuma haipiti. Mwanafunzi wa roboti anaweza kujaribu programu yake kwenye kompyuta, lakini mota halisi hupata moto na vumbi huziba vihisio. Hayo hujifunzwa kwa mikono.

Haiwezekani? Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kilifundisha misingi ya uhandisi katika kambi ya Azraq, Jordan, wanafunzi wakitatua matatizo ya kambi yao wenyewe. Ifo nako wapo mafundi wa jenereta na simu. Mtaala ungeanzia mezani kwao, shahada ifuate. Mwasemaje wadau?