Tunakula mkate, lakini tunajua ndani kuna nini?

Wandugu, asubuhi wengi wetu hapa kambini tunakula mkate wa dukani. Tunauliza bei tu. Watu wa London miaka 200 iliyopita nao walikuwa hivyo hivyo.

Wakati ule waokaji walichanganya shabu kwenye unga. Ndiyo, shabu hiyo hiyo ya kusafishia maji yenye tope! Ilifanya unga hafifu uonekane mweupe kama wa matajiri. Mwaka 1820 mkemia Friedrich Accum aliandika kitabu akaifichua siri hiyo. Mwaka 1857 daktari John Snow, yule tunayemsikia kwenye mafunzo ya kipindupindu, akasema huenda shabu ndo inawaletea watoto matege. Baadaye ilijulikana kwamba sababu kubwa ya matege ni kukosa vitamini D. Lakini swali lake lilibaki: maskini analishwa nini bila kuambiwa? Mwaka 1875 Uingereza ikatunga sheria ya kukataza udanganyifu kwenye chakula.

Mwaka 1961, huko Chorleywood, Uingereza, wataalamu walipata njia ya kukanda unga kwa mashine ya kasi, dakika chache tu, badala ya kuuacha uumuke kwa saa nyingi. Njia hiyo ilihitaji hamira zaidi, mafuta na dawa za kuimarisha unga. Mkate ukawa laini na rahisi, ukaenea dunia nzima.

Dawa mojawapo ya unga ni bromati ya potasiamu. Mwaka 1982 watafiti wa Japani walionyesha kwamba inasababisha uvimbe kwenye figo za panya. Uingereza ikaipiga marufuku 1990. Marekani bado haijaikataza nchi nzima. California imepitisha sheria mwaka 2023, itaanza kazi 2027.

Sasa tusiogope kila kitu. Asidi ya askobiki ni vitamini C. Madini ya chuma na asidi ya foliki kwenye unga yanasaidia, hasa kwa mama wajawazito. Shida ni kutojua. Mikate mingi tunayonunua iko kwenye mfuko mtupu, haina maandishi yoyote.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Vijana, tuwaulize waokaji wetu wanatumia nini, kwa heshima. Na ninyi wafanyakazi wa mashirika, mnaponunua mkate wa wanafunzi, dai orodha ya vilivyomo. Accum alianza na swali hilo hilo.