Sindano za Visiwa vya Sese

Robert Koch anasifiwa sana kwenye vitabu. Mjerumani huyu ndiye aliyegundua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Sifa hizo anastahili, sina ugomvi. Ila mwaka uliofuata alifanya nini huku kwetu, Ziwa Victoria?

Mwaka 1906 ugonjwa wa malale ulikuwa unamaliza watu kandokando ya ziwa. Koch akapiga kambi visiwa vya Sese, Uganda, chini ya Waingereza. Wagonjwa wakamiminika. Walikuwa wanakufa, wakasikia dawa imekuja. Dawa yenyewe iliitwa atoksili, jina lenye maana ya "isiyo na sumu". Kumbe ndani yake mna aseniki, sumu hasa!

Akaanza na nusu gramu. Watu wakapata nafuu, kisha ugonjwa ukawarudia. Koch akapandisha kipimo hadi gramu nzima. Maumivu yakazidi, wengine wakatoroka. Wagonjwa 22 wakapofuka, wasione tena maisha yao yote. Ndipo kipimo kikashushwa.

Najua kuna atakayesema, "Bwana, enzi zile hayo mambo ya ridhaa hayakuwepo." Si kweli! Kwao Koch, Prussia, waziri alishatoa agizo mwaka 1900: mtu asifanyiwe jaribio kabla ya kuelezwa madhara yake na kukubali mwenyewe. Lakini agizo lile lilikuwa na tundu. Halikugusa tiba, na sindano za Sese ziliitwa tiba. Basi, neno moja tu likatosha kumfanya mgonjwa asiulizwe kitu. Mpaka mwaka 1964 ndipo Azimio la Helsinki likataka daktari, kila inapowezekana, aombe ridhaa hata pale utafiti unapochanganyika na matibabu.

Mimi naota kuandika riwaya, na kisa hiki kimenifunza kuogopa maneno. Kati ya "dawa" na "dawa tunayoijaribu" kuna macho ya watu 22. Kwa hiyo siku ukiambiwa nyoosha mkono, uliza ni ipi kati ya hizo mbili. Kuuliza si kukataa.

Leo Berlin kuna taasisi kubwa yenye jina la Koch. Wale wa Sese wamebaki tarakimu. Wenzangu wenye kalamu, hiyo kazi ni yetu.