Jua, Kioo na Majumba ya Wazee Wetu

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba jua likawa taa, akaumba na kivuli kikawa rehema. Ama baad.

Ndugu zangu, wengine wameandika humu habari za watu waliotutangulia hapa Cyangugu. Mimi nataka kusema habari za majengo waliyotuachia, na katika hayo nimechagua jambo moja lidharauliwalo: namna ya kuzuia joto tunapotengeneza nyumba kuukuu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nyumba yetu ya darasa, ya matofali ya kuchoma, ilikuwa na baraza pana upande wa magharibi. Watoto walipozidi, tuliafikiana kuiziba baraza kwa vioo ili tupate chumba, nami nilikuwa wa kwanza kuunga mkono. Chumba kilipendeza macho. Lakini kila alasiri watoto walitoka jasho wakasinzia mbele ya misahafu, hata tukawahamishia chini ya mwembe. Tulikuwa tumetoa fedha ili tuondoe kivuli.

Sababu yake si siri. Kwetu, karibu na ikweta, jua la adhuhuri hupita juu, na paa hulipokea. Lenye taabu kwa madirisha ni jua la asubuhi na la alasiri, lijalo chini chini. Na kwa kuwa sisi huelekea kibla upande wa kaskazini, tukipinda kidogo mashariki, ukuta wa mkono wa kushoto wa mwenye kusali ndio upigwao na jua la alasiri. Kioo kitupu hupitisha mwanga. Mwanga ukigonga sakafu na kuta hugeuka joto, na joto hilo halitoki upesi kwa njia lililoingilia. Ndiyo maana gari lililofungwa juani huwa kama tanuri.

Wazee wa pwani waliyajua haya. Unguja walijenga kuta nene za mawe na chokaa, wakatia madirisha milango ya mbao yenye vibao vya kupitisha upepo na kukataa jua. Mwaka 1883 Sultani Barghash bin Said alijenga Beit-al-Ajaib, akaizungushia roshani pana juu ya nguzo za chuma, jua likakomea nje kabla ya kuufikia ukuta. Misri nako walitumia mashrabiya, yaani madirisha ya mbao zilizofumwa kama wavu.

Wengine walijifunza kwa taabu. Mwaka 1933 mjenzi Le Corbusier alimaliza mjini Paris nyumba ya Jeshi la Wokovu ya kuwahifadhi maskini, yenye ukuta mkubwa wa kioo usiofunguka, ulioelekea kusini. Wakati wa kiangazi wakaaji waliteseka kwa joto. Baada ya Vita Kuu ya Pili, jengo lilipotengenezwa, likatiwa vikinga jua kwa nje. Na mwaka 1987, katika mji huo huo, ikafunguliwa Institut du Monde Arabe, kazi ya Jean Nouvel na wenzake. Ukuta wake wa kusini una vioo vyenye matundu ya chuma ndani yake, yaliyofanyizwa kwa mfano wa mashrabiya, yafunguke na kufumba kwa kadiri ya mwanga. Wazo lilikuwa zuri, ila mitambo ilikuja kuharibika ikahitaji matengenezo.

Leo viko vioo vilivyopakwa utando mwembamba wa madini unaorudisha sehemu ya joto la jua, na viko vioo viwili viwili vyenye vibao vya kivuli katikati. Hivyo vyafaa sana kwa jengo la kale ambalo uso wake haupasi kubadilishwa. Lakini tusighurike. Kivuli kilicho nje hulizuia joto mlangoni. Kilicho kati ya vioo hulishika kizingitini. Pazia la ndani hulipokea likiwa limekwisha ingia. Tena vioo viwili ni vizito, na kuta za zamani zataka kupimwa kwanza. Tukumbuke kuwa tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit-al-Ajaib iliporomoka katikati ya matengenezo, watu wawili wakafa.

Basi tutakapokutana kuamua habari ya nyumba ile, rai yangu ni hii: tuifungue baraza kwanza, tuache matundu karibu na paa ili hewa ya moto itoke, tupande miti upande wa magharibi, kisha, palipobaki haja, ndipo tununue kioo chenye kivuli. Ndugu zetu wa Bugarama, ambako bonde liko chini na joto lapita la Kamembe, wana haja ya hayo zaidi yetu.

Mtume wetu (s.a.w.) aliamuru adhuhuri icheleweshwe joto linapokuwa kali. Ikiwa ibada yenyewe imeonewa huruma hivyo, haifai sisi tuwafungie watoto ndani ya tanuri kwa kupenda uzuri wa kioo. Mwenyezi Mungu awarehemu waliojenga baraza ile, na atusamehe sisi tulioiziba. Amin.