Ua Mmoja, Milango Mitatu

Idd iliyopita tulikusanyika katika ukumbi wa jumuiya yetu hapa Uingereza kama ilivyo ada, watoto wakikimbizana baina ya viti na kina mama wakipakua pilau. Mzee mmoja tunayemheshimu sote alimwita kijana wa jirani yangu. Kijana akamwamkia, "Shikamoo babu." "Marahaba mwanangu. Unasoma wapi siku hizi?" Kijana akajibu kwa adabu kuwa yuko koleji, anasomea ufundi bomba. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, Mungu atajaalia, na chuo kikuu utaingia."

Mzee hakukusudia ubaya. Ilikuwa dua ya babu kwa mjukuu. Lakini nilimwona baba wa yule kijana ameinamia sahani yake, na tangu siku ile neno lile halijanitoka moyoni.

Koleji anayosoma kijana huyu ni kama koleji nyingi za nchi hii. Katika jengo moja wapo watoto wanaorudia mtihani wa GCSE, ghorofa ya juu wapo wanaosoma A-level, nyuma ziko karakana za mabomba, umeme na useremala, na jioni huja watu wazima wanaosomea diploma na hata digrii. Wote wanaingia kwa geti moja na kunywa chai katika mkahawa mmoja. Wengi wetu tunauona mpango huu kuwa ni jambo la Kizungu, tena la wale walioshindwa kwingine. Ndugu wasomaji, mpango huu na sisi tumewahi kuwa nao Afrika Mashariki. Ni vyema tukumbuke ulikuwaje na ulitutoka vipi.

Kilima cha mafundi

Tuanze Makerere. Tukilitaja jina hilo leo tunafikiria majoho na maprofesa. Lakini Makerere ilianza Januari 1922 ikiwa skuli ya ufundi yenye wanafunzi 14, waliokuwa wakisoma useremala, uashi na umakanika. Baadaye ikaitwa Uganda Technical College, na si muda mrefu yakaongezwa mafunzo ya uganga, kilimo, matibabu ya mifugo na ualimu. Katika miaka ya 1930 vijana walikuwa wakisomeshwa pale hata kwa ajili ya mtihani wa Cambridge wa kumalizia sekondari. Skuli, ufundi na chuo vilikuwa juu ya kilima kimoja.

Hayo hayakudumu. Mwaka 1928 madarasa ya ufundi yalikwishatengwa na chuo yakawa skuli ya peke yake, na katika miaka ya 1950 yakahamishwa kabisa hadi kilima cha pili, Kyambogo. Makerere ikapanda daraja. Mwaka 1937 ilikuja tume ya De La Warr kutoka Uingereza ikapendekeza pafanywe mahali pa elimu ya juu kwa Afrika Mashariki yote, na mwaka 1949 pakafungamanishwa na Chuo Kikuu cha London. Hakuna atakayeikana faida yake. Julius Nyerere alisoma ualimu pale kuanzia 1943 hadi 1945. Ali Muhsin Barwani wa Unguja, ambaye wengi wenu mlioko Maskati na Dubai mnamjua zaidi kwa tafsiri yake ya Qurani, alisomea kilimo pale pale.

Lakini pamoja na faida hiyo likaingia jambo jingine. Mafundi walipokwenda kilima chao na wasomi wakabaki na chao, kila mzazi alijua ni kilima kipi cha kumwombea mwanawe. Serikali ya kikoloni ilitaka makarani, walimu na wasaidizi wa madaktari, na mtu wa ofisi ndiye aliyeonekana mbele ya watu. Randa na msumeno vikawa ni vya aliyekosa nafasi. Kilima kilichoanza na maseremala kikasahau kuwa kilianza na maseremala.

Ua wa Tudor

Mombasa mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Waislamu wa pwani walikuwa wamebaki nyuma katika skuli za serikali na za misheni, na jambo hili liliwauma wanazuoni wao. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, na katika maandishi yake aliwahimiza Waislamu washike elimu za kisasa bila kuiacha dini yao. Sheikh alifariki 1947. Mwaka uliofuata, 1948, ikaasisiwa Mombasa Institute of Muslim Education, ambayo watu wote waliiita MIOME.

Tazameni waliochanga. Alikuwemo Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamaa wa Kibohora, mtawala wa Bahrain na serikali ya Uingereza. Sunni, Ismailia na Bohora, Mwarabu, Mswahili na Mhindi, wote walitia mkono mfukoni kwa ajili ya ua mmoja huko Tudor. Mwaka 1950 Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell, aliipa hati yake, na Mei 1951 wakaingia wanafunzi wa mwanzo. Masomo yalikuwa useremala, umakanika, umeme na ubaharia. Naipenda hiyo ya ubaharia. Watu ambao babu zao walifika Maskati na Bombay kwa jahazi na nyota, sasa watoto wao wanakaa darasani kusoma kazi ile ile kwa vitabu na vyeti.

MIOME ilianza kwa ajili ya Waislamu, kisha ikafungua milango kwa watu wa kila kabila na dini. Mwaka 1966 ikabadilishwa jina kuwa Mombasa Technical Institute, na mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic. Mwaka 2007 ikafanywa chuo kikuu kishiriki, na Januari 2013 ikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili, Technical University of Mombasa. Tofauti na Kampala, hapa ufundi haukuhamishwa. Ua ni ule ule na mtaa ni ule ule. Elimu ya juu ndiyo iliyokuja kumkuta fundi pale alipo.

Kijana aliyekataliwa

Sasa kuna kisa kinachoviunganisha Tudor na Makerere, na ndicho hasa kilichonifanya nishike kalamu.

Sheikh Al-Amin aliacha mtoto wa kiume, Ali, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933. Mwaka 1949 kijana huyu alifanya mtihani wa Cambridge, na matokeo yake hayakuwa mazuri. Makerere, chuo pekee cha elimu ya juu Afrika Mashariki wakati huo, kikamkataa. Mlango ulikuwa mmoja tu, nao ulifungwa akiwa na umri wa miaka 16.

Akapata kazi MIOME. Hakuwa mwanafunzi pale, lakini alikuwa ndani ya ua wenye vitabu, walimu na wageni wanaopita. Katika sherehe ya Maulidi alisimama akahutubia juu ya maisha ya Mtume, na Gavana Mitchell alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Gavana alivutiwa. Mambo yalichukua muda, lakini mwaka 1955 kijana alipata skolashipu ya kwenda kumalizia masomo ya sekondari Huddersfield, mji wa viwanda vya nguo za sufi kaskazini ya Uingereza. Fikirini, ana miaka 22 na anarudia masomo ambayo wenzake waliyamaliza zamani. Kutoka hapo akaenda Manchester, kisha Columbia ya New York, kisha Oxford. Mwaka 1963 alianza kufundisha Makerere, na mwaka 1965 akawa profesa na mkuu wa idara ya sayansi ya siasa. Kilima kilichomkataa kikampa kiti.

Huyo ndiye Profesa Ali Mazrui tuliyekuwa tukimtazama katika televisheni. Aliondoka Makerere mwaka 1973 wakati wa Idi Amin, akafundisha Marekani kwa miaka mingi, na mwaka 2003 aliteuliwa kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Alifariki Oktoba 2014, akazikwa Mombasa karibu na Fort Jesus.

Kisa hiki husimuliwa kama sifa ya mtu mwenye akili nyingi, na ni kweli alikuwa nazo. Mimi nakisoma vingine. Akili zile zile alikuwa nazo mwaka 1949 alipokataliwa. Kilichomfaa ni kwamba baada ya mtihani mmoja kumtupa nje, alipata mahali pa kusimama karibu na mlango mwingine, na baadaye akapata mji ambao mtu wa miaka 22 haoni haya kurudi sekondari. Je, wangapi walikataliwa mwaka ule ule na hawakuwa na ua wa kusimama? Majina yao hatuyajui kwa sababu hakuna aliyeyaandika.

Faida na hadhari

Hii ndiyo faida ya skuli, ufundi na chuo kuwa mahali pamoja. Watu huhesabu kwanza pesa zinazookolewa, maktaba moja badala ya tatu, na hilo si dogo kwa nchi maskini. Lakini faida kubwa ni kwamba aliyeteleza hatoki nje ya ua. Anavuka uwanja tu. Fundi umeme akigundua kuwa anapenda hesabu, mlango wa diploma anauona kila siku. Na anayesoma vitabu akiona mikono yake inawasha, karakana iko pale na hakuna wa kumcheka.

Hadhari nazo zipo. Ua mmoja hautoshi ikiwa cheti cha fundi hakihesabiwi kitu katika mlango wa pili, maana hapo watu watakaa pamoja na ukuta uko baina yao. Hatari nyingine ni kila chuo cha ufundi kutamani kuitwa chuo kikuu. Mwaka 2003 Kyambogo nayo, kile kilima cha mafundi, iliunganishwa na vyuo viwili vya ualimu ikawa chuo kikuu. Ni heshima waliyoistahiki. Lakini jina likipanda, lazima awepo mtu wa kuuliza kila mwaka: seremala bado ana benchi lake humu ndani? Asipoulizwa, tutarudia yale ya 1928, mara hii bila hata ya kuhama kilima.

Wazee wetu walisema kazi mbi si mchezo mwema. Na ufundi bomba si kazi mbi. Nimemwambia jirani yangu asiinamishe kichwa tena. Tukimkuta kijana anasomea ufundi, tumuulize anajifunza nini hasa, na akimaliza mlango upi unafuata. Na kama hajui, tumsaidie kuutafuta, kwani mara nyingi uko katika jengo lile lile analoingia kila asubuhi.

La mwisho ni ombi. Najua wapo miongoni mwenu waliopita MIOME katika miaka ya 1950 na 1960, nanyi leo mmetawanyika Maskati, Dubai, London na Toronto. Historia ya majengo imeandikwa, lakini ya karakana haijaandikwa. Mlitengeneza nini? Nani alikufundisheni? Mlilala wapi, mlikula nini, na wale wa ubaharia waliishia meli gani? Andikeni kurasa mbili tatu mlilete jarida hili. Ukiwa mkono umechoka, msimulie mjukuu aandike. Na akiwa mjukuu mwenyewe ni fundi, basi atayaelewa zaidi.