Kabla Mama Hajautoa Mkono wa Mtoto

Siku ya kliniki hapa Sori, ufukweni mwa Ziwa Victoria, kina mama hufika mapema kabla jua halijawa kali. Kitabu cha Mama na Mtoto kimefungwa kwenye pindo la leso pamoja na nauli ya boda. Mizani imening'inizwa kwenye boriti, mtoto anatiwa ndani ya mfuko wa kitambaa, anarusha miguu, analia, na mama wa pili anamshikia mwenziwe kitabu wakati uzito unaandikwa. Kwenye benchi, wakingoja zamu, ndipo mjadala huanza. Hii chanjo ya malaria si ndiyo ile ya majaribio? Mbona mtoto wa jirani alidungwa na bado akashikwa na homa? Baba yake amesema tungoje, na mama mkwe naye amesema watoto wake tisa walikua bila hizo sindano zote.

Nimewasikia watu wa mijini wakiyaita maswali hayo ujinga. Mimi nakataa. Kila swali linaloulizwa kwenye benchi hilo lina mwaka wake na mahali pake, na mengi yalizaliwa papa hapa Migori na Homa Bay.

Tuanze na neno lenyewe, chanjo. Kuchanja ni kukata ngozi kidogo, na kabla ya sindano kuja, mganga alichanja chale akapaka dawa. Kwa Wajaluo, kazi ya watoto ilikuwa ya nyamrerwa, mama wa kijiji aliyejua mizizi na majani, aliyeitwa usiku mtoto akipata degedege. Kwa hiyo wazo la kumtia mtoto dawa mwilini ili maradhi yasimpate halikuja na mzungu. Kilichokuwa kigeni ni mtu mwenye kuileta: hajulikani ni wa nani, hana jamaa kijijini, na jioni anaondoka na gari lake.

Hofu ya mtu huyo ina jina. Pwani humwita mumiani. Huku ziwani anaitwa kachinja, mnyonya damu anayedhaniwa kuvizia watu njiani na kwenda kuuza damu yao. Jina limetoka kwenye Kiswahili, katika kuchinja. Kati ya chanja na chinja pana irabu moja tu, na nadhani wazazi wengi wameishi ndani ya nafasi hiyo nyembamba. Watafiti wa afya walipoanza kupita vijijini Nyanza wakichota damu za watoto kwenye vichupa, uvumi wa kachinja uliwafuata hadi mlangoni. Wengine wanaucheka. Lakini ukiutazama vizuri, unauliza jambo la haki kabisa: damu ya mwanangu inakwenda wapi, na kinachorudi ni nini?

Serikali ya kikoloni haikuwa na mazoea ya kujibu. Karungu, papa hapa kwetu, ilikuwa kituo cha utawala wa Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20, kabla ya makao ya wilaya kuhamia Kisii. Miaka hiyohiyo ugonjwa wa malale ulikuwa ukifagia fuo za Ziwa Victoria, na watu wa ziwani walizoea kumwona ofisa wa afya akija na amri.

Hata hivyo, ndui iliondoka duniani kwa chanjo, na mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merka, Somalia, mwaka 1977. Alifanya kazi hospitalini na bado alikuwa ameikwepa sindano kwa kuogopa maumivu. Alipona. Baadaye akawa mhamasishaji wa chanjo ya polio, akiwasimulia wazazi waliokataa jinsi yeye mwenyewe alivyokataa. Alifariki Julai 2013 akiwa katika kampeni hiyo, na kilichomuua ni malaria. Kila nikifikiria benchi la Sori, mtu huyu hunijia akilini.

Mwaka 1980, dunia ilipotangaziwa kwamba ndui imekwisha, Kenya ilianzisha mpango wake wa taifa wa chanjo, KEPI. Hapo ndipo watoto wetu walipoanza kupangiwa ratiba: kifua kikuu siku ya kuzaliwa, matone ya polio, dondakoo na kifaduro na pepopunda, surua wakifika miezi 9. Kizazi kilichokuwa kimezika watoto kwa surua hakikuhitaji kushawishiwa sana. Ajabu ya chanjo ndiyo hiyo, kadiri inavyofanya kazi ndivyo sababu yake inavyosahaulika. Mama wa miaka 22 leo huenda hajamwona mtoto wa polio hata mmoja. Lakini mwaka 2011 virusi vya polio viligunduliwa kwa mtoto Rongo, papa hapa Migori, na timu za matone zikarudi nyumba kwa nyumba.

Kisha ukaja mwaka 2014, na hapa lazima tukae kidogo, maana sehemu kubwa ya mashaka ya leo ilipandwa wakati huo. Wizara ya Afya iliendesha kampeni ya pepopunda kwa wanawake wa miaka 14 hadi 49. Lengo lilikuwa watoto wachanga, wanaopata pepopunda kitovu kikikatwa kwa wembe mchafu. Mama akichanjwa, kinga humfikia mtoto tumboni. Baraza la Maaskofu Katoliki likauliza: kwa nini wanawake tu, na kwa nini umri wa kuzaa tu? Likasema vipimo vyake vimeonyesha homoni ya ujauzito, hCG, ndani ya baadhi ya chupa, na kwamba hiyo ni njia ya siri ya kuwafunga wanawake kizazi. Serikali ilikanusha, WHO na UNICEF wakakanusha. Maabara zikabishana, sampuli zikabishaniwa. Agosti 2015 maaskofu wakawataka waumini wakae mbali na kampeni ya polio hadi dawa ipimwe. Septemba 2017 Raila Odinga, kiongozi wa upinzani, naye akajitokeza hadharani kuunga mkono madai ya maaskofu kuhusu pepopunda.

Mtu asiye wa huku hawezi kuelewa uzito wa jambo hilo. Dayosisi ya Homa Bay ndiyo inayobeba kaunti hizi mbili, Migori na Homa Bay. Hospitali ya misheni ya Mtakatifu Camillus, pale Karungu, ni ya Wakatoliki. Kwa maelfu ya familia, mkono unaotibu na sauti inayoonya vilikuwa vya Kanisa moja. Maaskofu walisisitiza kwamba hawapingi chanjo za kawaida za watoto, ila tofauti ya chanjo ya kawaida na ya kampeni hufutika maneno yanaposafiri kutoka kanisani hadi sokoni. Na kwa Luo Nyanza, neno la Raila lilikuwa zito kuliko tangazo la wizara yoyote.

Naamini madai yale hayakuwa kweli, na hesabu ya vijijini inatosha kuonyesha hivyo. Msichana aliyekuwa na miaka 14 mwaka 2014 alifika 19 mwaka 2019. Wengi wa wasichana hao, waliodungwa wakaambiwa hawatazaa, walikwishazaa, na wakaja kliniki na watoto mgongoni. Walipofika, wakaambiwa kuna chanjo nyingine mpya.

Hiyo ilikuwa chanjo ya malaria, RTS,S, iliyozinduliwa nchini tarehe 13 Septemba 2019 huko Ndhiwa, Homa Bay, baada ya Malawi na Ghana kutangulia mwaka huohuo. Kaunti 8 za magharibi ziliingizwa, Migori ikiwemo, kwa lengo la kuwafikia watoto wapatao 120,000 kwa mwaka. Sindano ni 4: mtoto akiwa na miezi 6, 7, 9, halafu 24. Ilikuwa imesafiri tangu 1987, na ilijaribiwa kati ya 2009 na 2014 kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi 7. Kwetu ilikuwa Kilifi, Siaya na Kombewa.

Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa la neno. Awamu hiyo ya kwanza ilisemwa kuwa ya majaribio. Waliolisema walikuwa na maana ya kuanza kidogo kabla ya kueneza kote, lakini mama alisikia kwamba mwanawe ni panya wa maabara. Baadhi ya kaunti ndogo zilipewa na nyingine zikangoja ili zilinganishwe, kwa hiyo binamu wawili wangeweza kuzaliwa wiki moja, mmoja akadungwa na mwingine asidungwe kwa sababu ya mpaka tu. Utafiti wa awali pia ulikuwa umeacha maswali ya kweli: homa ya uti wa mgongo, malaria ya kupanda kichwani, na vifo vya wasichana vilionekana zaidi miongoni mwa waliochanjwa. Wanasayansi wenyewe walihoji kama wazazi wanaelezwa hayo kabla ya kukubali. Kwa hiyo mama aliyeuliza kama sindano hii ni salama kwa binti yake aliuliza sawasawa na maprofesa.

Jibu lilikuja. Ufuatiliaji katika nchi zote 3 haukuona hatari hizo zikihusishwa na chanjo, na Oktoba 2021 WHO ikaipendekeza kwa watoto wa Afrika. Mwaka 2023 kaunti ndogo zilizokuwa zikingoja huku kwetu zikaanza kupewa. Tathmini ilionyesha kuwa pale chanjo ilipotolewa, vifo vya watoto wa umri huo kwa sababu zote, ukiacha ajali na majeraha, vilipungua kwa asilimia 13. Sijui ni wazazi wangapi wa huku kwetu Nyatike waliowahi kuambiwa habari hiyo kwa lugha ya nyumbani.

Na yule mtoto wa jirani? Ni kweli, aliyedungwa anaweza kuugua. Katika utafiti mkubwa, sindano 4 zilipunguza matukio ya malaria kwa kiasi cha theluthi moja hivi. Chandarua hakiwezi kukunjwa kwa sababu ya chanjo. Anayemwahidi mama zaidi ya hapo anampandia shaka ya kesho, homa ya kwanza ikija. Kwa watu wa ziwani theluthi si kidogo: mwaka 2015 uchunguzi wa kitaifa ulikuta karibu watoto 27 kati ya 100 ukanda huu wana vimelea vya malaria, na hata mwaka 2020 walikuwa 19.

Siku hizi neno nyamrerwa limehama. Sehemu nyingi za Ujaluo humwita hivyo mhudumu wa afya ya jamii, mama wa kijiji aliye na fulana na daftari la kaya. Anajulikana ni mke wa nani na watoto wake walidungwa lini. Nimeona baba aliyekataa maneno ya daktari akimsikiliza yeye, amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akishona nyavu na kuuliza mambo yaleyale kwa mara ya tatu.

Shida anayobaki nayo nyamrerwa ni sindano ya nne. Samaki wakihama, familia huhama, leo Sori, mwezi ujao Muhuru, kisha Remba au Ringiti, na kitabu kinabaki kwa dani, yaani nyanya, juu ya kabati. Miezi 24 inapotimia, mtoto yuko kisiwani.

Chupa ya RTS,S ni ya watoto wawili. Ikishachanganywa, kisichotumika ndani ya saa 6 hutupwa. Asubuhi moja hapa Sori muuguzi alifungua kisanduku cha baridi, akatazama benchi, akauliza nani mwingine ametimiza miaka miwili. Mama mmoja alikuwa amekwisha kumkunjia mwanawe mkono wa shati. Wa pili alikuwa bado na simu sikioni, akizungumza na mumewe aliyekuwa ziwani, akisema, ndiyo, ni ile ya malaria, ndiyo, wa Min Akoth alipewa, hapana, hakufa, anacheza hapa mbele yangu.