Simuleta ya urubani na uchaguzi wa vifaa vya kompyuta

Simuleta ya urubani ni programu inayoigiza ndege, anga, hali ya hewa na ardhi papo hapo, mtu akiwa ameshika usukani. Zinazotumika sana leo majumbani ni Microsoft Flight Simulator, iliyofufuliwa Agosti 2020 kwa kazi ya studio ya Asobo ya Bordeaux, Ufaransa, na kufuatiwa na toleo la Novemba 2024, pamoja na X-Plane ya kampuni ya Laminar Research, iliyofikia toleo la 12 mwaka 2022. Zote zinaweza kuielemea hata kompyuta ya bei kubwa. Picha inapoanza kukwamakwama, mwenye kompyuta hujiuliza abadilishe kifaa gani, na mara nyingi hukimbilia kadi ya michoro kwa kuwa ndiyo inayosifiwa na ndiyo ghali. Haraka hiyo huwapotezea wengi fedha. Jibu linapatikana kwa kupima kwanza ni kifaa gani kinachochelewesha picha, na katika simuleta kifaa hicho mara nyingi ni prosesa pamoja na kumbukumbu iliyo karibu nayo.

Ni vizuri kuelewana kwanza juu ya kinachotafutwa. Wauzaji hupenda kutaja idadi ya fremu kwa sekunde, lakini idadi hiyo ni wastani tu. Sekunde ina milisekunde 1,000. Fremu 59 zikichukua milisekunde 15 na robo kila moja, kisha moja ikachukua 100, kipimo kitaandika 60, na bado macho yataona picha ikiganda kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Ndege ikiwa futi 35,000 juu ya bahari, ambako hakuna cha kuchora ila maji na mawingu, hali hiyo ni nadra. Hujitokeza wakati wa kutua: kiwanja kikubwa kimetanda mbele, namba zilizopakwa mwanzoni mwa njia ya kurukia zinazidi kukua, rubani anavuta usukani taratibu ili ainue pua. Picha inaganda, kisha inaruka mbele, na magurudumu yameshagonga lami. Kwa anayejifunza kutua, hasara hiyo ni kubwa kuliko vivuli hafifu au miti michache. Kwa hiyo fremu 35 zinazofika kwa mpangilio, kila moja baada ya milisekunde 28 au 29, zina thamani kuliko 70 zinazopanda na kuporomoka.

Kila fremu hupita hatua mbili. Prosesa hukokotoa ndege iko wapi, mbawa zinabebwa na hewa kiasi gani, mafuta yamebaki kiasi gani, rubani wa kujiendesha anaamuru nini, ndege nyingine zinakwenda wapi, na vitu gani vinaonekana kutoka pale alipokaa rubani. Baada ya hapo huiagiza kadi ya michoro ichore. Aliye mzito kati ya hao wawili ndiye anayeamua mwendo. Ni kama shughuli ya harusi: sufuria ya pilau ikichelewa jikoni, kuongeza wapakuaji hakutawashibisha wageni. Michezo mingi ya kompyuta humfungia mchezaji kwenye vichochoro na kuta, hivyo kazi ya prosesa inabaki ndogo. Simuleta haina kuta. Mtu akiwa angani siku isiyo na ukungu anaona makumi ya kilomita kila upande, na ndege ya abiria iliyoigizwa kwa undani huwa na skrini kadhaa ndani ya chumba cha rubani, kila moja ikitaka kuchorwa upya bila kupumzika. Sehemu kubwa ya kazi hiyo huenda kwa kupokezana, kwa sababu huwezi kuchora ndege kabla hujajua imefika wapi. Watengenezaji huuita mfululizo huo uzi mkuu, nao unabebwa na kiini kimoja tu cha prosesa.

Kujua nani anachelewesha hakuhitaji fundi. Microsoft Flight Simulator ina kipimo chake ndani ya mipangilio ya watengenezaji, kinachosema waziwazi kama fremu inazuiwa na uzi mkuu au na kadi ya michoro. Pasipo kipimo hicho, punguza ukubwa wa picha kutoka pikseli 3,840 kwa 2,160 hadi 1,920 kwa 1,080. Kadi sasa inachora robo tu ya pikseli za mwanzo. Fremu zikiongezeka sana, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa. Zisipobadilika, kadi ilikuwa imekaa ikisubiri prosesa, na kununua kubwa zaidi ni kununua usubiri wa bei ghali. Jambo la kuzingatia hapa ni mahali pa kupimia. Anayepima akiwa juu ya Serengeti, kwenye nyasi na miti ya hapa na pale, atadhani kompyuta yake haina tatizo la prosesa. Akihamia Heathrow, na majengo ya London yamejaa dirishani na ndege nyingine zimepanga foleni, atapata jibu tofauti kabisa. Jibu la kuaminika ni lile la mahali pagumu unapoparukia mara kwa mara.

Ushahidi mzuri kuliko wote kuhusu uzito wa prosesa ulikuja Aprili 2022, kampuni ya AMD ilipouza Ryzen 7 5800X3D. Ilikuwa karibu pacha wa 5800X iliyotangulia: viini 8 vilevile na soketi ileile ya AM4. Kasi yake ya juu ilikuwa ndogo kidogo, gigahezi 4.5 badala ya 4.7. Kilichoongezeka ni kashe ya ngazi ya tatu, yaani kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe, kutoka megabaiti 32 hadi 96. Kwenye simuleta, pacha huyo mwenye kasi ndogo akamwacha mwenzake mbali. Sababu haina fumbo. Prosesa inapotaka data isiyomo kwenye kashe, huifuata kwenye RAM, na safari hiyo huchukua nanosekunde 70 hadi 100 hivi; kwa gigahezi 4.5 ni zaidi ya mapigo 300 ya saa yanayopita bure. Simuleta hurukaruka kutoka data moja hadi nyingine bila mpangilio unaotabirika, ndiyo maana kashe kubwa huisaidia kuliko inavyosaidia kazi kama kugeuza faili za video. Waliokuwa na ubao mama wa AM4, baadhi ukiwa wa tangu 2017, waliweza kuipachika baada ya kusasisha BIOS, bila kununua RAM mpya. Warithi wake, 7800X3D ya 2023 na 9800X3D ya 2024, wanafuata njia ileile ila wanadai soketi ya AM5, kwa hiyo ubao na RAM navyo vinabadilika.

Wapo watakaosema dawa ni viini vingi: kama 8 havitoshi, nunua 16. Hoja hii imejibiwa tangu 1967, Gene Amdahl alipoonyesha kwamba faida ya kugawa kazi huzuiwa na ile sehemu isiyogawika. Tuseme fremu inachukua milisekunde 30, na 18 kati ya hizo ni za uzi mkuu. Ukiongeza viini maradufu, zile 12 zilizobaki zinaweza kushuka hadi 6, na fremu ikawa milisekunde 24. Hata ukiongeza viini bila kikomo hutashuka chini ya 18. Flight Simulator X ya Microsoft ya 2006 ndiyo iliyolipia somo hili kwa uchungu. Iliandikwa watu wakitarajia kasi ya kiini kimoja iendelee kupanda kama ilivyopanda miaka ya 1990, lakini viwanda vikageukia kuongeza viini, na kwa miaka mingi hapakuwa na kompyuta iliyoweza kuiendesha na mipangilio yote ikiwa juu. Simuleta za leo hugawa kazi vizuri zaidi, hilo ni kweli. Hata hivyo uzi mkuu haujaondoka, na kati ya prosesa mbili za bei moja, ile yenye kiini chepesi na kashe pana ndiyo ya kuchagua.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka kwa wanaotumia skrini za 4K au miwani ya uhalisia pepe, na hao wana haki. Miwani hudai picha mbili, moja kwa kila jicho, tena zenye pikseli nyingi. Hapo kadi ya michoro huelemewa mapema, na mawingu ya simuleta za sasa huongeza mzigo. Kwenye kadi, kitu cha kutazama kwanza ni ukubwa wa kumbukumbu yake. Kadi yenye gigabaiti 8 inaweza kuchora kwa kasi nzuri mpaka picha za kuvisha majengo na ardhi zinapoijaza. Baada ya hapo data huanza kusafirishwa kutoka RAM, na mkwamo huja kwa ghafla, si pole pole. Ikibidi kuchagua kati ya kadi mbili zinazokaribiana kasi, yenye gigabaiti 12 au 16 itavumilia kwa muda mrefu zaidi viwanja vikubwa vya ndege vinavyouzwa kama nyongeza za simuleta. Hili haliivunji hoja ya kupima, linaithibitisha: kipimo kilekile ndicho kitakachomwambia mtumiaji wa miwani kwamba kwake kadi ndiyo nzito.

Teknolojia ya kuzalisha fremu, iliyoingia Microsoft Flight Simulator mwishoni mwa 2022 kwa kadi za RTX 40, inatajwa kama njia ya kuikwepa prosesa. Kadi hubuni fremu ya katikati kutokana na mbili halisi, na namba kwenye kipimo hupanda sana. Katika urubani inafaa kuliko katika michezo ya kufyatuliana, kwa kuwa ndege kubwa huitikia usukani polepole na ucheleweshaji mdogo hausumbui. Lakini fremu iliyobuniwa hutegemea zile halisi. Prosesa ikikwama kwa milisekunde 100, hakuna cha katikati cha kubuni, na mkwamo unabaki palepale wakati wa kutua. Teknolojia hii hunogesha mwendo ambao tayari una mpangilio, na haifai kuhesabiwa kama mbadala wa prosesa.

RAM, diski na intaneti zina kiwango cha kutosha, na ukishakivuka faida hupungua haraka. Toleo la 2024 linapendekeza gigabaiti 32 za RAM. Vipande viwili vya 16 ni bora kuliko kimoja cha 32, kwa sababu hufungua njia mbili za data. SSD hufupisha muda wa kupakia na huzuia baadhi ya mikwamo ardhi mpya inapoingia, lakini SSD ya kasi ya juu kabisa haiongezi fremu. Katika Microsoft Flight Simulator ardhi yenyewe huvutwa kutoka seva za mbali, hivyo intaneti dhaifu huonekana kama milima iliyofifia na majengo yaliyoyeyuka. Kasoro hiyo haitibiwi kwa prosesa wala kadi.

Kwa wanunuzi wa Nairobi na Dar es Salaam, ambako kompyuta za ofisini zilizotumika kutoka Ulaya ndizo rahisi kupatikana, kuna kikwazo kingine kinachokuja kabla ya hivi vyote. Kompyuta hizo mara nyingi zina prosesa ya heshima, lakini pawasaplai yake ni ndogo, wakati mwingine haifiki wati 300, na plagi zake ni za kampuni iliyoitengeneza, kwa hiyo huwezi kuweka nyingine yoyote kutoka dukani. Kadi kubwa haitapata umeme wa kuitosha, na pengine haitaingia ndani ya kasha. Kabla ya kulipa, fungua ubavu wa kasha, soma lebo ya pawasaplai na upime kwa rula nafasi iliyopo mbele ya soketi ya kadi. Tazama pia vumbi kwenye feni na umri wa gundi ya joto juu ya prosesa. Prosesa inayopata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe, na katika chumba chenye joto la pwani kupuliza vumbi na kupaka gundi mpya kunaweza kurudisha fremu zilizopotea kabla hata ya kununua kifaa kipya.