Umio na Chungu cha Busaa

Kabla mahindi hayajatamalaki mashamba ya Isukha na Idakho, watu wa Sigalagala, huko Kakamega, walikula wimbi na mtama, na pombe yao, busaa, ilitokana na wimbi hilohilo, wazee wakiizunguka chunguni na kuifyonza kwa mirija mirefu, huku maji ya moto yakiongezwa kila ilipopungua. Zama za ukoloni zilipoleta mahindi, na machimbo ya dhahabu ya Kakamega yalipoanza kuajiri vibarua katika miaka ya 1930, unga wa mahindi uliokaangwa ukaingia pia katika busaa, na wimbi likabakiwa na kazi ya kuwa kimea.

Mageuzi hayo yangalihesabiwa kuwa mambo ya jikoni tu, lau matabibu wasingaliona kwamba saratani ya umio imekithiri Kenya ya Magharibi, habari ambayo watafiti Ahmed na Cook waliiandikia makala mwaka 1969. Na mwaka 1971 Cook akatoa dhana kwamba huenda maradhi hayo yana uhusiano na vileo vya mahindi barani Afrika. Kwa rai yangu, waliokimbilia kukilaumu chungu peke yake walifanya haraka, kwani tumbaku nayo ina hatia, na mwaka 2016 wataalamu wa kimataifa wa saratani walitamka kuwa vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 za joto yumkini huleta saratani ya umio. Nasi chai twaipenda ikitoka motoni.

Si kila akwamwaye na tonge ana saratani, maana asidi ya tumbo, kiharusi na kuvu wa kinywani huzuia kumeza vilevile, na kila kimoja kina tiba yake. Ama mwiba wa samaki, desturi ya kuusukuma kwa tonge lisilotafunwa yaweza kuudidimiza zaidi.

Saratani huja kwa taratibu: ugali hukataa kwanza, kisha uji, mwisho maji. Zamani mgonjwa aliyefikia hapo aghalabu alikufa kwa njaa. Siku hizi ziko hospitali, kama ile ya Tenwek kule Bomet, zinazopitisha mrija wa waya umioni ili ale tena, ingawa mrija hauondoi maradhi, na upasuaji humfaa aliyewahi. Basi, ndugu msomaji, mzee wako akiuacha ugali na kuomba uji kila siku, usingoje akatae na uji: mpeleke akachunguzwe umio kwa kamera.